Zamu ya Baba Kwenye Ngobyi

Masisi, tarehe 9 Agosti 1953

Kwa mdogo wangu Théogène, mwalimu wa Ntoto,

Salamu nyingi za kwetu mlimani zikufikie wewe, mama watoto na binti yenu Dancille. Natumaini kifua chako kimepoa na mvua za msituni hazijaozesha maharage yenu. Sisi huku tu wazima, ukiondoa magoti yangu unayoyajua. Mwaka wa nne sasa hayataki kunifikisha hata kanisani.

Najua ukiona jina la Sebarenzi, jirani yetu wa huku mlimani, utataka kuichana barua hii. Humsalimu tangu Baba alipofariki, na juzi umemkatalia mtoto wake Evode asimuoe Dancille. Ichane baadaye. Kwanza nikueleze safari yangu ya kwenda misheni kuchomwa sindano, maana sijaona washamba kama wale walionibeba.

Mke wangu Emérita ndiye aliyekwenda kuomba ngobyi, kile kitanda cha mianzi ambacho wanaume wa mlima hubeba wagonjwa mabegani kwa zamu. Mimi nilitaka kipoyi, kiti cha heshima cha kubebwa mabegani, kama kile alichokalia mzungu wa teritware, mkuu wa wilaya, nilipokuwa namfuata na madaftari. Wakacheka. Eti kipoyi ni cha wazima wavivu. Watu wasiojua hata kushika kalamu wanamcheka karani wa sheferi, wa ofisi ya chifu!

Walifika asubuhi, miguu mitupu, wananuka moshi, na kila mmoja amekuwa munganga. Huyu ananikataza maji nisije nikawasimamisha kila kichaka. Yule ananitandikia majani ya ndizi mgongoni kama mkungu unaoivishwa. Mwingine akakunja blanketi akaliweka chini ya magoti. Hilo blanketi, nakubali, lilisaidia.

Tulipofika kwenye mteremko wakataka kunigeuza miguu itangulie, kichwa kibaki juu. Nikakataa katakata. Miguu mbele ni ya maiti. Wakaniacha nilivyotaka, nikateremka kichwa chini mpaka kijitoni, damu yote imejaa usoni, kofia yangu imeanguka matopeni, nao wajinga wale wanaimba wimbo wa tumbo langu. Kijitoni niliomba mwenyewe wanigeuze. Wakanigeuza, wakanirudishia kofia yangu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Bega la mbele, upande wa kushoto, alikuwa Sebarenzi mwenyewe. Ana miaka sitini, meno matatu, na koti ambalo hata mbuzi angelikataa. Wenzake walipokezana, yeye alikataa kupokelewa. Kuanzia kijitoni nilikuwa natazama kisogo chake na jasho lake. Nilijiambia kwamba wamekuja kwa heshima ya ukarani wangu, nikalala usingizi mzuri kama sijawahi kulala kitandani kwangu.

Sasa, mdogo wangu, kaa chini.

Mwaka wa 1946 nilikuandikia shuleni kwako kwamba Baba alikufa kwa sababu Sebarenzi alikuwa kwenye pombe akachelewa kuleta wabebaji. Ni uongo wangu. Wanaume wa mlima walikuwa wamechukuliwa kwenye kazi ya barabara. Sebarenzi alifika umande haujakauka, na watu wawili aliowapata. Ngobyi inataka mabega manne. Akaniambia nishike ncha ya nne. Nilikuwa nimevaa viatu vipya na kaptula nyeupe, na tarishi wa ofisi amesimama ananitazama. Nikasema karani habebi. Nikatuma mtu bondeni atafute mwingine, tukangoja. Baba alikata roho uani, amelala ndani ya ngobyi, hajainuliwa hata mara moja. Viatu vile vilichanika mwaka uliofuata.

Sebarenzi aliusikia uongo wangu akanyamaza. Mimi nikaanza kumdharau, maana nisingemdharau ningelazimika kujitazama mwenyewe. Usimtafute mtu mwingine wa kudharau, Théogène. Ni mimi.

Na hata haya nisingeyaandika kama Emérita hangeniambia kule dispansere, nilipokwisha kuchomwa. Siku aliyokwenda kuomba, wanaume walimkatalia. Kwa desturi yao, mtu ambaye hajawahi kutia bega lake naye hawambebi. Walisema nitambae. Ndipo Sebarenzi akasimama, akasema: “Muzee alibebaka bamama yetu, lakini zamu yake ye hakuipata. Tubebe huyu mu nafasi ya muzee.”

Umeelewa? Ile safari ambayo Baba hakusafiri, mimi ndiye niliyeisafiri, na blanketi chini ya magoti.

Sebarenzi atafika kwako mwezi ujao, na pombe ya kuomba posa upya. Atakuja kwa miguu yake. Mfungulie. Dancille asilipie viatu vyangu. Ukitaka kuninyima salamu miaka saba, ninyime mimi, ni haki yangu.

Magoti yana nafuu kidogo. Kubeba sitaweza, ila nimewaambia ngobyi ikitoka tena waniite, nitafuata nyuma polepole na kibuyu cha maji, pamoja na wanawake. Walicheka sana, wale washamba.

Emérita anawasalimu wote. Mungu awalinde nyumbani kwenu, na msalimie Dancille kwa jina lake.

Ni mimi kaka yako,
Honoré,
niliyebebwa kwa zamu ya Baba