Nilimjibu Mama "Amina"

Black Rock, Buffalo, New York
9 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Séphora,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Protasi na watoto wote. Mnaendeleaje huko Louisville? Mgongo wako umepoa, au bado unamwinua Mama peke yako kana kwamba nyumba haina wanaume? Sisi tuko wazima. Theluji bado imekalia ngazi. Binti yangu Gracieuse amenizidi urefu sasa, na ukimwambia jambo anajibu "oke" kabla hujamaliza.

Mama je? Uliniambia anakunywa uji na anacheka akiona watoto, ila maneno hayajarudi tangu kiharusi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu wewe huweka spika ili asikie na yeye, na haya siwezi kuyasema akiwa anasikia.

Unajua niliacha kazi ya ghala. Sasa namtunza bibi wa Kizungu, Madamu Helen. Macho yake yamekwisha, basi kila mchana namsomea riwaya. Ana kabati zima, na zote ni za vijiji vya Uingereza. Dada, nilicheka! Sura nzima inahusu nani ataoka keki ya sikukuu ya kanisa. Padri wao ana mke, na mke ndiye anayeiongoza parokia. Mjane mmoja na jirani yake hawasalimiani mwaka wa tisa huu, kisa ua wa miti uliokatwa kupita kiasi. Mimi kila nikifungua ukurasa nangoja askari watokee. Hawakutokea. Mvua ilinyesha, mtu akachemsha chai, kitabu kikaisha.

Nikamuuliza Madamu kama hadithi ndiyo hiyo tu. Akasema ndiyo hiyo, tena nisome polepole.

Kidogo kidogo ikaniingia. Nikawa nafika kazini mapema nijue kama mjane amemfungulia jirani geti. Siku alipompelekea chupa ya jamu, akaiacha mlangoni bila neno na kurudi zake, nililia mpaka Madamu akauliza nani amekufa. Ndani ya basi la kurudi nyumbani nikazikumbuka sauti za Mama, na jioni hiyohiyo nikaelewa kwamba hadithi za namna hii alikuwa ananitumia bure, mimi nikazikataa.

Zile sauti zake za Watsapu, kila alfajiri, dakika kumi, dakika kumi na tano. Wamama wetu wote hutuma maombi asubuhi, nami nikadhani zake pia ni maombi. Sikufungua hata moja. Niliandika "Amina", nikakimbilia basi. Miezi saba, dada! Desemba nilipobadilisha simu, zote zikaenda na ile ya zamani. Na simu ya Mama mwenyewe ilivunjika siku ile alipoanguka.

Imebaki moja tu, fupi, iliyoingia kwenye simu mpya siku moja kabla ya kiharusi. Niliisikiliza jikoni, koti bado mwilini. Haina ombi lolote. Anasema hivi:

"Bon, Emérence, jana tuliishia kwa Cubaka. Leo tupande kwa Balagizi, ile nyumba yenye iko na mulango ya bluu. Balagizi alifungaka njia juu ya mbuzi ya Cubaka yenye ilikula maharagi yake. Donc, bibi yake, ule alioa, akakuwa anawapitishia ba Cubaka chumvi ku dirisha, Balagizi asione. Séphora yeye alionaka kidogo. Weye ulikuwa ku mugongo, unalala. Njo maana nakuambia. Unaniskiya?"

Chini yake kuna jibu langu: Amina.

Alikuwa ananitembeza kijiji chetu, kile tulichokihama kwa vita nikiwa bado mgongoni, nyumba kwa nyumba, nadhani kutoka kisimani kupanda mpaka kanisani, kama watu wanavyozunguka kusalimiana siku ya Bonane, mwaka mpya ukianza. Nimempigia Shangazi Cibalonza kule Whitehall, pembeni mwa Columbus, nikidhani atanimalizia. Yeye aliolewa mbali akiwa msichana. Amebaki na kisima na nyumba mbili, na hata wenye nyumba hizo mbili amewachanganya. Waliosema majuto ni mjukuu walinijua. Nina hasira na nafsi yangu, Séphora. Kijiji cha wageni nakijua mpaka jina la mbwa wa posta, na chetu nimebaki na dirisha moja lenye chumvi.

Pasaka nitakuja, Mungu akipenda. Nitapitia Columbus nimchukue Shangazi. Nitaketi karibu na Mama nimsimulie kwa Balagizi mimi mwenyewe. Nikikosea, labda atatikisa ule mkono mzima.

Nisalimie Protasi na watoto, Josiane na mdogo wake Salomon. Bwana akuongezee nguvu za mgongo na za moyo kwa kazi unayoifanya kwa niaba yetu sote.

Jambo moja, usiache. Leo ukimaliza kumpaka Mama mafuta, zima televisheni, uiname kwenye sikio lake zuri. Mambo ya "Amina" usimwambie, nitayaungama mwenyewe. Mwambie tu kwamba swali lake limenifikia, na jibu ni hili: nakuskiya, Mama. Tuko kwa Balagizi. Nakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Emérence