Wifi Anaitaka Chupa Iliyobaki

Mpendwa mshauri, sasa hivi mwanangu amepuliza povu la sabuni lililokuwa mkononi mwangu likaruka mpaka puani kwa bibi yake, akacheka mpaka akakaa chini, na hakukohoa, mshauri, amecheka kicheko kizima bila kukohoa, nami nimefuta mikono kwenye gauni nikaja kukuandikia kabla furaha haijapoa, maana ndani ya furaha hiyo kuna jambo linanitatiza, naomba msaada wako.

Mimi nafua nguo za watu hapahapa nyumbani kwa mama mkwe, shule niliishia njiani kwa hiyo univumilie mwandiko. Mwanangu ana miaka minne, kifua kilimbana akawa anapumua kwa mluzi hata majirani wakamwita Kinanda, wao walitania lakini mimi usingizi ulinihama. Kliniki daktari akamsikiliza kifua, akampima uzito, akatuandikia dawa ya maji, na muuguzi akanieleza vizuri, akasema mama, hizi ni dawa mbili ndani ya chupa moja, moja inalainisha makohozi, nyingine inafungua njia za hewa, kwa hiyo usishtuke akikohoa zaidi mwanzoni, ni yale yaliyoganda yanatoka. Nikaelewa papo hapo maana ndiyo kazi yangu, nguo ukishailoweka uchafu ukalegea, huwezi kulalamika kwamba maji ya beseni yamekuwa meusi.

Lakini mama mkwe hakuwepo kliniki. Aliposikia kikohozi kimekuwa kizito akasema, "Dawa gani hii inaongeza ugonjwa? Mjukuu wangu mnamfanyia majaribio?" Nilipotoka kupeleka nguo kwa wateja akampa dawa yake ya kukata kikohozi, ile anayokunywa mwenyewe, kwa upendo kabisa. Nikarudi nikakuta kikohozi kimya lakini kifua kinakoroma kama birika na mbavu zinabonyea ndani. Nilimbeba nikakimbia naye kliniki na vumbi miguuni. Muuguzi akasema, "Mmelegeza uchafu halafu mkaziba bomba!" Wakamhudumia, akatulia, na mama mkwe alilia kuliko mimi. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha saa ya dawa, na siku za dawa zimeisha, na Kinanda hapigi tena muziki.

Sasa amekuja wifi yangu, dada wa mume wangu, na mtoto wake mchanga ambaye hata kukaa hajaweza, naye anakohoa. Wifi ameiona chupa imebaki nusu, anasema, "Nigawie, wifi. Mtoto wa kaka amepona, wangu mimi ni wa jirani?" Na mama mkwe, ambaye sasa ndiye mpenzi mkubwa wa dawa hiyo, anasema dawa ikishaujua ukoo haipotei njia. Mimi nasita, kwa sababu dawa hiyohiyo ilimtetemesha mwanangu vidole na moyo ukamwenda mbio kama aliyekimbizwa na mbwa, muuguzi akasema ni ile sehemu inayofungua njia za hewa, ikizidi turudi, ikapungua yenyewe, lakini wangu ana miaka minne, yule mchanga wa wifi moyo wake si mkubwa kuliko kifundo cha kidole changu. Nikimpa likatokea la kutokea nitaishije, nikimnyima nitaitwa mchoyo katika nyumba ambayo nimekuja kuolewa tu, na mume wangu yuko mbali kazini. Chupa nimeificha chini ya nguo za wateja ila wifi keshaanza kupekua, niambie niseme nini nisivunje undugu, maana wote nawapenda na naamini tutaelewana kama nikipata maneno maz— wifi ananiita huko nje, mtoto analia, na nasikia anamwambia mama ameshaiona chu

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, mtu hukatisha barua hapo? Chai yangu ilipoa mkononi. Ashukuriwe aliyekufundisha kuandika namba ya simu nyuma ya bahasha, maana nilipiga kabla ya kushika kalamu, nawe ukapokea huku unasuuza. Nawaambia wasomaji kwa niaba yako: mama huyu alimpokonya wifi chupa mkononi kabla haijafunguliwa, akambeba mchanga mwenyewe, wakaenda kliniki kwa mguu, wifi akifuata nyuma amenuna. Mtoto alikutwa na pua iliyoziba. Akatiwa matone ya maji ya chumvi, akanyonya, akalala. Tone la chupa ile hakulihitaji.

Umefanya vyema, na hofu yako ilikuwa na macho. Lakini nitakugombeza kidogo. Kwa nini kuificha? Kitu kilichofichwa ndicho kinachotafutwa. Dawa zilipokwisha siku zake, ungeirudisha duka la dawa waiharibu, na ugomvi usingepata pa kukaa.

Mama mkwe, najua unasomewa haya. Upendo wako hauna dosari, dawa zako zina. Dawa haijui ukoo. Inajua umri, uzito na kifua kilichosikilizwa na daktari. Na kikohozi kinacholeta makohozi ni mfagio, usimnyang'anye mtoto. Kabla ya kumpa chochote cha pili, uliza kliniki kwanza.

Nawe wifi, hukunyimwa. Uchoyo ni kumfungia mtu chungu cha chakula. Huyu amekubebea mwanao kwenye jua kali.

Siku nyingine mtoto akipumua mbio, mbavu zikabonyea, au mchanga akakataa titi, msiniandikie mimi, kimbieni kliniki.

Leo kazi ni moja: chupa itoke hapo nyumbani kabla nguo hazijakauka kwenye kamba, na aipeleke wifi mwenyewe duka la dawa. Akirudi, mkalisheni na mwanawe kando ya beseni, Kinanda awapulizie povu.