Hatua Mia Mbili Hadi Geti la Kijani

3 Machi

Shikamoo baba,

U hali gani, na jicho je? Mimi mzima, ila usingizi sina. Kutwa naelekeza kompyuta inayoendesha mikokoteni ya ghala: chukua kasha, peleka rafu ya tisa, rudi. Isipoambiwa irudi, hairudi ng'o!

Jumanne ya upasuaji ruhusa sipati. Simu umeikataa, basi nimekuandikia njia kwa herufi kubwa, karatasi ya pili hiyo. Ifuate vilevile.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu, marahaba.

Mwili mzima, roho ndiyo imechafuka. Jumanne nilitoka na karatasi yako. Geuka kulia. Hatua mia mbili hadi geti la kijani. Simama, tazama magari. Nikasimama, nikatafuta mstari unaofuata, haupo! Miaka thelathini nimeendesha winchi. Aliye chini akiinua mkono, mzigo hausogei mpaka aseme. Nilisimama saa tatu nzima, hadi muuza magazeti akanihurumia, akanipa kiti.

Daktari kaniandikia, amenipa Ijumaa, tarehe 27. Kasema jicho la kulia limeshakufa, na hili la kushoto likichelewa tena, ndiyo basi. Maelekezo mengine sitaki.

Baba yako

18 Machi

Shikamoo baba,

Umeamkaje? Mimi sijatulia hata kidogo. Jamani baba! Hospitali iko ng'ambo ya barabara, unaiona, halafu unasubiri karatasi? Wewe nawe!

Nisamehe. Mistari ya mwisho, kuanzia wa kuvuka, niliiruka nikinakili, kosa langu. Tangu barua yako ifike navuruga tu. Jana makasha sitini yameenda kurundikana mlangoni mwa choo, bosi kanifokea mbele ya watu. Karatasi mpya hii hapa, mistari arobaini na mmoja. Nimeikagua mara saba. Tafadhali baba, nenda.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nyumbani salama. Karatasi nimeipata, sijaifungua.

Nikwambie ukweli, usinicheke. Hospitali ile naijua. Matofali ya ghorofa yake ya juu nimeyapandisha mimi. Ningevuka hata nimefumba macho. Niliogopa, mwanangu. Kisu machoni! Nilipoona karatasi imeishia pale nikashukuru, nikapata kisingizio. Nikawa natazama kila basi linalosimama, nikidhani labda utashuka wewe. Ukweli ndio huo. Ijumaa sijui kama miguu itanifikisha.

Baba yako

26 Machi

Shikamoo baba,

Sikuulizi hali, nitaiona mwenyewe. Barua hii naiandika ndani ya basi na nitakukabidhi mkononi, ndiyo maana mwandiko unarukaruka. Bosi kauliza nani atamalizia kazi ya kompyuta. Nikamwambia sijui, nikachukua mkoba.

Mimi pia naogopa, baba. Sana. Ila kesho tutavuka wote, na wakikuita ndani nitakaa hapo mlangoni mpaka utoke.

Mwanao