Mayu, Ugonjwa Wangu Umepata Jina

Shikamoo, Mayu.

Masanja kanikuta na daftari akacheka. "Dada, Mayu hakujua kusoma hata alipokuwa hai." Nikamwambia nitakusomea mwenyewe, kwa sauti. Maana sauti imerudi, mama yangu. Ndiyo habari niliyokuletea. Na ugonjwa wangu umepata jina.

Unakumbuka ulivyonikuta Rwamgasa, kule machimboni? Saluni nimeifunga, nimekaa tu. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa namsuka mteja, kichwa kikiwa nusu, mara mikono ikashuka yenyewe. Kuinyanyua, haitaki. Kesho yake kope ya kushoto ikaanguka, na kwenye kioo nikaona wateja wawili wakati amekaa mmoja. Majirani wakasema ni zebaki, kwa sababu niliwahi kuosha mchanga wa dhahabu. Shangazi akapiga simu kusema ni mkono wa mtu. Wewe uliwasikiliza wote, ukafunga nguo zangu kwenye kanga, ukasema, "Tutauliza wanaojua." Tukapanda basi mpaka nyumbani, Ibadakuli.

Hukunililia. Ulinitazama tu. Ukimenya viazi, unanitazama. Siku moja tulikuwa tunatafuna matobolwa, vile viazi vyako ulivyochemsha na kukausha, ukasema, "Cha kwanza umekitafuna vizuri. Cha tatu unashika kidevu kwa mkono." Mimi mwenyewe sikuwa nimeona. Ukaona pia kwamba asubuhi naamka mzima, nafagia, naongea, na jua likishapinduka naanza kuzimika, maneno yanatokea puani.

Lakini hospitali tulikwenda alfajiri, tuwahi foleni. Naitwa ndani nikiwa mzima kabisa. Nyanyua mikono, nanyanyua. Bana vidole vyangu, nabana. Damu safi, picha ya kichwa safi. Hospitali ya pili, daktari wa huko akaniambia nipunguze mawazo. Ukasimama na kanga yako, ukamwambia, "Baba, huyu asubuhi ni mzima. Mwangalieni mchana, akishachoka." Alikuwa ameshaita mwingine. Watu kwenye benchi wakacheka.

Na mimi, pale nje... Mayu, nilikuambia, "Umenitia aibu. Sirudi tena hospitali yoyote, na acha kunichunguza kama ng'ombe wa mnadani."

Ulikaza kanga kiunoni. "Haya, mwanangu. Twende tukale."

Hukulitaja tena. Wiki mbili baadaye ulianguka shambani, katikati ya matuta. Wakasema ni presha. Siku ya kukuzika sikuweza kulia kwa sauti. Koo lilikuwa limelegea, kope zimefunga zote mbili, nikaonekana nimesinzia. Kuna waliosema moyo wangu mgumu. Sikuwa na pumzi ya kuwajibu.

Matanga yalipokwisha nilimwambia Masanja, nipeleke Mwanza, nifanye alivyotaka Mayu japo mara moja. Tulifika asubuhi kama watu wote. Nikaitwa. Nikamwambia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, tangulia. Nikaitwa tena, nikampisha mzee. Muuguzi akanijia juu: "Dada, wewe umekuja kutibiwa au kutembea?" Nikamwambia nasubiri niugue. Akamtazama Masanja, akadhani nina shida ya akili. Masanja naye akazidi kunisemesha makusudi ili nichoke, ananiuliza majina ya binamu zetu wote, mmoja mmoja. Saa tisa benchi lilibaki na sisi wawili, na mimi siwezi tena kumjibu.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi. Masanja akamweleza yote uliyoyaona: kidevu, mikono, jua likipinduka. Hakutukatisha. Akaniambia nitazame dari nisishushe macho. Kope zikateremka polepole mbele yake. Akaagiza barafu, akaitia kwenye glovu, akaniwekea juu ya jicho la kushoto kwa dakika mbili hivi. Alipoitoa, jicho lilikuwa wazi. Wazi, Mayu! Masanja akasimama. Akanipiga picha kwa simu nijione.

"Nani aliwaambia mje saa hizi?" daktari akauliza.

Masanja akasema, "Mama yetu."

"Alikuwa muuguzi?"

"Hapana. Mkulima wa viazi."

Daktari akaandika kwanza, ndipo akasema, "Ameniokolea kazi kubwa." Vipimo vya damu vilivyofuata vikathibitisha. Ugonjwa unaitwa myasthenia. Mwili wangu wenyewe unazuia ujumbe wa mishipa ya fahamu usifike kwenye misuli. Si mawazo. Si mkono wa mtu. Hata ile zebaki, kasema siyo.

Sijapona. Nameza vidonge mara kadhaa kwa siku, na nikichelewa kope inanikumbusha. Nimefungua saluni tena. Nasuka nimekaa, vichwa viwili kwa siku, cha tatu nakataa. Wateja wamezoea.

Jana daktari kapiga simu. Picha ya kifua imeonyesha tezi imevimba nyuma ya mfupa wa kifua, na huenda ndiyo inayochochea yote haya. Wanataka kunipasua. Naogopa, Mayu. Naogopa kutiwa usingizi nisiamke, na wewe hupo mlangoni kunisubiri.

Nilikuwa na nafasi ya kukuomba radhi siku zote zile na sikuitumia. Nilidhani tuna muda. Nisamehe. Nakuomba kama mtoto, siyo kama mtu mzima.

Pumzika sasa, mama yangu. Shamba Masanja kalilima lote, hata kile kipande cha bondeni. Mimi Jumatatu nitakwenda Mwanza. Nitakwenda nikiogopa hivihivi, na wakiniuliza ninavyojisikia nitawaambia kila kitu, hata wakinicheka.

Mwanao,
Minza