Muntu wa Musalani

Likasi, Shituru, 12 Februari 2024

Hénoc mwana yangu,

Minye mama yako nakuamukia. Uko muzima? Unakula? Ile kikohozi ya vumbi ya Kolwezi iliisha? Huku baba yako Georges anakuamukia, goti linamusumbua lakini mudomo hausumbuki, anagombeza radio kutwa nzima. Dada yako Mimi anakuamukia. Mutoto wake Shalom anakuamukia, meno mbili za mbele zimeng'oka na bado anataka kula muhindi. Mama Rosalie wa jirani anakuamukia pia, iko hapa mulangoni anauliza naandika nini. Simwambii.

Sipigi telefone kwa sababu hapa telefone ya mumoja inasikiwa na lupangu yote, kiwanja kizima. Barua namupa shoferi wa bus.

Mwana, kuna neno. Mvua ilijaza musalani, kile choo cha nyuma, mpaka harufu ikaingia ku bukari, ugali wetu wa kila siku. Siku ya ine ya ile mvua muntu mumoja akaingia na buti za mpira na ndoo, sikumuita. Anasema, "Mama wa Hénoc, sogea, nitaizoa minye." Akazoa yote, asubuhi mpaka saa kumi. Namulipa, anakataa. Namupa chakula, anasema ameshiba. Muntu anayezoa mavi ya bantu ameshiba nini? Kisha akauliza: "Hénoc iko wapi? Anakuja lini?" Nikafunga mulango.

Juzi amerudi na kifuniko cha simenti, amekitengeneza mwenyewe. Bure tena! Rosalie anasema bantu wa vile ni baloji, wachawi, wanachukua shansi, bahati ya mutoto, mule mule mu mavi. Minye nasema anatafuta kutunyanganya lupangu. Unamujua? Ni mwembamba, iko na kovu ku kidevu.

Mama yako,
Madeleine


Kolwezi, 17 Februari

Mama,

Nakuamukia, na baba, na Mimi, na Shalom na mapengo yake. Minye muzima, kazi tu njo inanimaliza.

Ule muntu simujui. Siku hizi nani anatumika kazi ya bure? Usimufungulie tena. Mwambie baba afiche karatasi za lupangu.

Mutoto wako,
Hénoc


Likasi, 1 Machi

Hénoc mwana,

Nakuamukia, sisi wote wazima, Mungu asifiwe.

Lile neno limeisha. Nilibeba barua yako kwa shefu wa mutaa, Papa Joachim. Akaisoma mbele ya bantu wote: "Simujui." Rosalie akapiga kelele, "Sikieni! Muloji!" Bamama wakacheka, mumoja akaziba pua. Yule muntu alikuwa amesimama na ndoo yake. Hakukasirika, na hiyo njo inaniogopesha. Anasema, "Kama Hénoc hanijui, basi. Minye ni Évariste, mutoto wa Adolphe. Tulisoma pamoja mwaka wa tatu." Akaenda. Sasa hakuna anayemuita kazi tena mu mutaa wetu, hata kule karibu na reli.

Ningepaswa kulala vizuri. Lakini tangu siku ile baba yako anakula bila kuniangalia. Namuuliza, anasema, "Uliza mutoto wako." Munanificha nini nyinyi wawili?

Mama yako,
Madeleine


Kolwezi, 7 Machi

Mama,

Nakuamukia, na wote. Nilisoma barua yako, nikairudia. Évariste! Lile kovu alilipata nyuma ya masomo, tulipokwisha kuachana, ndiyo maana sikumutambua.

Mu mwaka wa tatu hakuna mutoto aliyekubali kuketi naye, kwa sababu baba yake Adolphe alikuwa anazoa musalani za watu. Mwalimu akamuwekea kiti peke yake karibu na dirisha. Siku moja nikabeba daftari yangu, nikaenda kuketi kando yake. Basi. Hakuna kingine nilichofanya, niliketi tu, mwaka mumoja.

Na weye, Mama, ulikwenda kwa mwalimu kuomba aniondoe pale. Ulisema, "Harufu itashika ku mutoto wangu." Évariste alisikia. Baba alikuwa kando yako, alisikia pia. Kesho yake nikarudi ku kiti kile, ukanipiga.

Minye nikasahau. Yeye amebeba ile miaka yote. Na alijua weye ni nani, hata hivyo akaingia mu shimo yako. Mama, kule tunakwenda wote kila siku, shefu na pasta pamoja. Anayetusafishia njo tunamuita muntu wa musalani? Ni muntu. Basi.

Kosa ni langu, niliandika bila kuwaza. Barua hii isomwe kwa Papa Joachim, mbele ya bantu wale wale. Yote.

Mutoto wako,
Hénoc


Likasi, 19 Machi

Hénoc mwana yangu,

Nakuamukia. Baba yako anakuamukia, sasa ananiangalia tena.

Ilisomwa yote. Papa Joachim alipofika ku yale maneno ya harufu, alisimama, akaniangalia kama anauliza airuke. Nikasema, "Soma." Rosalie hanisalimu tena, anasema nimemuharibia jina.

Nyuma ya pale nikapika maharagi na bukari, nikavuka reli, nikaenda kwa Évariste. Muke wake Providence akasimama mulangoni. "Mama wa Hénoc, leo unatafuta nini?" Nasema, sitafuti kintu, nimeleta chakula. "Bure?" Bure. Akaangalia sahani, akaambia batoto wake, "Musiguse!" Nikakula minye mwenyewe mbele yake, matonge matatu, ili aone. Akasema, "Wanaojua ile kazi ya sumu njo wanakula wa kwanza."

Évariste alikuwa ndani. Nilimusikia anakohoa. Hakutoka.

Chakula ikarudi nyumbani imepoa, baba yako akaila. Akasema, "Kesho tena." Nimekwenda mara tatu. Providence hanitukani tena, lakini hafungui.

Hawanisadiki, mwana, na haki ni yao. Sasa nasikia Évariste anahama mwisho wa mwezi, anakwenda kutafuta kazi kule Koni, ambako hakuna anayemujua. Kuja weye. Weye njo utapiga hodi, minye nitasimama nyuma yako. Nijibu mbio, hata maneno mawili tu: bus ya siku gani.

Mama yako,
Madeleine