Spana Mlangoni mwa Nyumba Namba 402

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, mtaa wa Dalmok, mji wa Wonju
Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, saa nane na robo mchana

Jina: Pyo Eun-sol
Umri: miaka 19
Kazi: sina bado; nimemaliza sekondari tarehe 7 mwezi huu
Makazi: jengo la 3, ghorofa ya tano, nyumba namba 502
Uhusiano na mtuhumiwa: ni baba yangu mzazi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeomba kuyaandika kwa mkono wangu kwa sababu nikiulizwa maswali na mtu nisiyemzoea sauti hunikauka. Afisa ameniruhusu.

Naishi na baba yangu, Pyo Man-ho, mwenye miaka 52, dereva wa gari la kusambaza maziwa. Bibi, mama yake baba, tuliishi naye pia hadi alipofariki mwezi Oktoba. Chini yetu, nyumba namba 402, anaishi Mzee Tak Gyu-cheol, mwalimu wa michezo mstaafu, pamoja na mkewe.

Mnamo tarehe 20 Januari, saa kumi na mbili asubuhi, boila yetu ya gesi ilianza kelele. Boila hiyo iko kwenye roshani ya nyuma. Inachemsha maji yanayopita kwenye mabomba chini ya sakafu, na tumeitega iwake kila baada ya saa tatu. Siku hiyo ilipowaka, sakafu iligonga du, du, du kwa muda wa dakika mbili, kisha ikanyamaza. Saa tatu ikarudia. Nilimwambia baba tuite fundi.

Baba akasema, "Fundi wa nini? Atakuja, ataiangalia, atatikisa kichwa, ataondoka. Mimi nina macho na nina simu."

Alimaanisha video za kwenye simu. Kuanzia hapo alikuwa na jibu jipya kila baada ya siku chache. Tarehe 22 tatizo lilikuwa feni, akaipuliza vumbi. Tarehe 25 lilikuwa hewa kwenye mabomba, tukatoa maji meusi mabeseni manne, na mbebaji nilikuwa mimi. Tarehe 29 alisema boila inatikisa ukuta, akakata ndara zangu na kupachika vipande nyuma yake. Tarehe 3 Februari alisema ni baridi tu, hata yeye mifupa inamlia. Kila mara alikaa na kahawa yake akisubiri iwake, na ilipogonga alisema, "Umesikia? Imepungua." Haikuwa imepungua. Sehemu ya gesi hakuifungua hata mara moja, nataka hilo lisomeke.

Tarehe 5 Februari nilikitafuta kijitabu cha boila nikakipata kwenye droo, chini ya vijiti vya kulia. Ukurasa wa 31 unasema kwamba koki ya chumba kikubwa ikifungwa, maji yote husukumwa kwenye mabomba yaliyobaki na yanaweza kugonga. Koki za vyumba vyetu ziko kwenye kabati chini ya sinki. Ni nne. Koki ya chumba cha bibi, ambacho ndicho kikubwa, ilikuwa imefungwa. Baba aliifunga tarehe 19 Januari, siku tuliyomaliza kutoa nguo za bibi. Kelele zilianza kesho yake asubuhi.

Nilimwambia baba jambo hilo mara tatu. Mara ya kwanza alijibu, "Chumba hakina mtu. Tumpashe nani moto?" Mara ya pili aliongeza sauti ya video. Mara ya tatu labda nilisema kwa sauti ya chini mno.

Wakati huo Mzee Tak alikuwa ameshaanza kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio, akitujibu. Tarehe 6 baba alinituma nimpelekee boksi la machenza, kama watu wanavyofanya wakiwasumbua majirani kwa kelele. Niliona haya kubonyeza kengele, nikaliacha mlangoni na kukimbia. Jioni boksi lilirudi mlangoni kwetu, machenza yote ndani, na karatasi juu yake: "Asiyegonga haombi radhi." Baba aliyala yote kwa hasira.

Leo, tarehe 15, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, baba alikuwa amepiga magoti mbele ya sinki. Aliamua leo kwamba nati ya bomba kuu ndiyo iliyolegea. Alikuwa ameshika spana yake kubwa. Aliburuta boksi la vifaa, na hapo hapo mpini wa ufagio ukajibu kutoka chini mara sita. Baba akainuka akatoka. Spana ilikuwa bado mkononi, na nadhani hakukumbuka kwamba anayo, kwa maana alitoka na ndara za ndani na fulana, na kwenye ngazi kulikuwa na baridi ya kuganda. Mimi nilichukua koti lake nikamfuata.

Mzee Tak alifungua mlango kabla hatujabonyeza kengele.

"Baba Eun-sol! Miguu imechoka kugonga, sasa umeleta chuma?"

"Mzee, sisi hatugongi. Anayegonga ni wewe na huo ufagio wako!"

"Mimi nagonga kwa sababu mnagonga! Nimefundisha michezo miaka thelathini na moja. Mtu akiruka namjua kwa kishindo."

"Nani aruke? Mimi goti bovu, na huyu mtoto hata kupiga chafya anaona haya!"

Nilisema, "Baba, koki." Hakuna aliyegeuka.

Sasa naeleza kuhusu spana. Kwenye gari lenu, kabla hamjaondoka, baba aliniambia dirishani niseme kwamba hakuiinua. Aliiinua. Baba, unisamehe, lakini uliiinua. Aliiinua juu ya kichwa chake akiielekeza darini na kusema, "Sikiliza! Subiri tu, utasikia!" Ilikuwa bado dakika mbili boila iwake. Baba hakuishusha. Alikaa hivyo hivyo, mkono juu, akisubiri, na Mzee Tak naye akatulia akisubiri. Mimi nilisimama na koti. Mke wa Mzee Tak alitokea nyuma, akaona mtu amemwinulia mumewe chuma, akapiga ukelele na kukimbilia simu. Simlaumu. Na mimi ningekimbia.

Saa tatu kamili ikagonga. Du, du, du, juu ya vichwa vyetu.

Mzee Tak aliangalia dari. Akauliza, "Juu kuna nani?"

Nikasema, "Hakuna mtu, mzee. Tuko wote hapa."

Tumekaa jengo moja miaka minne na hilo ndilo neno langu la kwanza kwake mbali na salamu. Akasema, "Kumbe huyu binti anaongea." Baba akashusha spana. Hakumgusa Mzee Tak wala kusema atampiga. Lakini simu ilikuwa imeshapigwa, na polisi walifika saa tatu na dakika kumi na mbili wakamchukua.

Mimi nilirudi juu kuchukua kitambulisho cha baba. Nilifungua kabati la sinki na kuizungusha koki ya chumba cha bibi kwa mikono miwili. Ilikuwa ngumu. Kisha nikasubiri. Saa sita kamili boila iliwaka na maji yakapita kimya. Hakuna kilichogonga. Niliingia chumbani kwa bibi nikaweka kiganja sakafuni. Ilichukua dakika kumi na tisa hadi nikahisi joto. Nilikaa kidogo, ndiyo maana nimechelewa kufika hapa.

Jambo la mwisho. Koki hiyo tangu niifungue inavuja shingoni. Nimeweka bakuli, lakini hujaa kila baada ya saa mbili, na chini ya sinki letu ni jiko la Mzee Tak. Spana pekee tuliyonayo inayoingia kwenye nati yake mmeitia kwenye mfuko wa plastiki na kuubandika namba. Nimemwambia afisa wa mapokezi. Nimemwambia mara tatu.

Nimeyasoma tena niliyoandika. Ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na sikuficha hata lile la kuinua.

(Sahihi) Pyo Eun-sol

Maandishi ya afisa: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu na kutia sahihi saa tisa kasoro dakika kumi. Spana inabaki kituoni kama kielelezo namba 1 na haiwezi kutolewa kwa sasa. Nimempigia simu Bw. Tak wa nyumba namba 402 kumtahadharisha kuhusu maji. Aliniuliza mara mbili kama kweli boila iliwaka saa sita, kwa kuwa hakusikia kitu. Anasema spana anayo yake, amekwisha panda nayo hadi ghorofa ya tano, na binti awahi kwenda kumfungulia mlango.