Sisimizi Hawatanihamisha

Sella na Phanuel,

Miguu ya kabati nimeisimamisha ndani ya mikebe ya mafuta ya taa, sisimizi wasipande. Koroboi isikaribie hapo! Nyumba ni ya mbao, tutaungua sote. Sukari ~~msiguse~~ tieni kijiko kimoja kimoja, nawajua.

Leo asubuhi Mama Wamucii mwenye ploti, anayetupangisha, alisimama mlangoni akasema, "Nyinyi watu wa mkoa wa Magharibi mnafuga wadudu. Safisha ama uhame."

Nikapiga magoti nikaufuata msururu wa sisimizi. Ulitoka kwangu ukaingia jikoni kwake, kwenye gunia la sukari guru. Nikamwita aone. Akalifunika gunia kwa leso.

Akiuliza, mwambieni mama yuko sokoni Kabiro, na hatuhami. Ahamishe gunia lake.

Mama yenu